Sura ya Tano: Sanduku la Kukimbia

"Komite ya Chama cha Wasikilizaji wa Sahani za Muziki, Goma, ina heshima ya kuwajulisha wanachama wake, mamlaka za kiraia na za kijeshi, pamoja na wapenzi wa muziki popote walipo, kwamba zoezi la kila mwaka la kuhesabu makusanyo, lililotangazwa kuanza Jumapili saa nane kamili za mchana, sasa litaanza saa nane na nusu. Mabadiliko haya yametokana na viti. Komite inaomba radhi kwa usumbufu wowote, na inawakumbusha wanachama kufuta vumbi."

Tangazo hilo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa kituo cha polisi, kati ya picha ya mtu aliyetafutwa kwa miaka mingi na ratiba ya zamu ambayo haikuwahi kufuatwa na mtu yeyote. Inspekta Fabiola alilisoma hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kusoma kila kitu hadi mwisho, hata karatasi zinazowekwa ndani ya paketi za dawa. Chini palikuwa na muhuri, saini na jina: Baharanyi, Prezida.

Jina hilo alikuwa amekutana nalo asubuhi hiyohiyo katika dosiye aliyoikuta mezani pake aliporudi kutoka kazi ya wiki mbili huko Masisi. Mzee Baharanyi, karani mstaafu wa forodha, mkazi wa Katindo, alilalamika kwamba Jumapili iliyopita, wakati yeye yuko misani, sanduku moja la sahani lilitoweka sebuleni kwake. Mlango haukuvunjwa na madirisha hayakuguswa. Mlinzi wa nyumba, kijana aitwaye Landry, aliishi uani pamoja na mkewe, na ufunguo wa akiba alikuwa nao yeye. Komanda Ézéchiel, mkuu wa kituo, aliona kwamba hesabu hiyo haina baki. Alimweka Landry kizuizini Jumatatu. Sheria inaruhusu siku mbili, na leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu inayofuata kijana angepelekwa gereza kuu, na mtu asiye na wakili akishaingia gereza kuu hutoka pale mtu mwingine anapokumbuka kwamba yumo.

Fabiola alimwuliza Komanda ni vitu gani vingine vilivyokuwa sebuleni siku ile. Komanda alivitaja bila kusita: mashine ya kuchezea sahani iliyotoka Ujerumani, amplifaya, spika mbili zenye urefu wa mtu, televisheni. Hakuna kilichoguswa.

"Basi mwizi alipita kando ya vyote hivyo akachukua sanduku la sahani kuukuu," alisema Fabiola.

"Ni mwizi mwenye kiasi."

"Na Landry mwenyewe anasemaje?"

"Anatuchezea. Nilimwuliza nani mwingine ana ufunguo. Akasema mlima una ufunguo."

"Mlima gani?"

"Nyiragongo. Uko mwingine?" Komanda alivua kofia yake akaiweka juu ya dosiye, ishara kwamba kwake jambo lilikuwa limekwisha. "Nilimwambia alale na jibu lake hilo. Amelala nalo siku nne."

Landry alikuwa kijana mrefu wa vilima vya Masisi, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega yake. Fabiola alimketisha kwenye benchi la ujia, akamwambia aseme lile la mlima upya na taratibu, kama anavyomweleza mgeni. Kijana alitazama kwanza mlango wa ofisi ya Komanda, kisha akaeleza. Hakuwa amesema kwamba mlima una ufunguo. Alikuwa amesema kuna ufunguo wa mlima. Wazee wa chama cha muziki, baada ya moto wa mlima kuteremka mjini mara ya kwanza na kula nyumba pamoja na sahani zilizokuwamo, waliwekeana sharti: kila mmoja akabidhi ufunguo wa nyumba yake kwa mwanachama mwenzake, ili mlima ukipasuka naye yuko safarini, mwenzake aweze kuingia na kuokoa sahani zilizo bora.

"Niliwaambia asema iko funguo ingine," alisema Landry. "Walicheka. Nikaona heri ninyamaze."

"Mwaka huu nani anao ufunguo wa mzee?"

"Ile sijui, Mama Inspekta. Wanagawanaka kwa kura, kwa komite yao. Sentineli, mulinzi kama mimi, hawamuiti kwa komite."

Alisema pia kwamba saa ile hakuwapo nyumbani. Jumapili asubuhi, mkewe akiwa kanisani, alikuwa akipeleka bidoni zake za maji bombani, kwa sababu watu wakiwa kanisani foleni huwa fupi. Alifunga geti kwa kufuli na aliporudi alilikuta limefungwa vilevile. Hakuna aliyemwona bombani isipokuwa watu wasiosali, na watu wasiosali, kwa maoni ya Komanda, si mashahidi.

Mlangoni alisimama mkewe, Jolie, ameshika sufuria ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa. Chakula cha kizuizini huletwa na ndugu. Serikali hutoa ukuta na kufuli. Alimwuliza Fabiola kama ni kweli kwamba lundi, yaani Jumatatu, watamupeleka mume wake kwenye gereza kubwa. Fabiola alijibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

"Na yenye kuandikwa, inafutikaka?"

"Mara chache," alisema Fabiola, akachukua mwavuli wake.

Nyumba ya Mzee Baharanyi ilikuwa imejengwa juu ya mawe meusi yaliyoletwa na mlima wenyewe, na ukuta wa ua ulikuwa wa mawe hayohayo. Ndani, kuta tatu za sebule hazikuonekana. Rafu zilipanda kutoka sakafuni hadi darini, zimesheheni migongo ya majalada. Zikaendelea katika ujia, zikapinda kona, zikaingia chumba cha kulala. Mke wa mzee, ilielezwa, alikuwa akiishi kwa binti yao huko Bukavu tangu rafu zilipofika kitandani.

Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, amevaa tai nyumbani. Fabiola alimwuliza zote ni ngapi. Mzee alijibu kwamba hilo litajulikana Jumapili, kwa sauti ya mtu ambaye analijua tayari. Kisha, bila kuombwa, alieleza mpangilio wake. Hakupanga kwa majina ya waimbaji wala kwa aina za muziki. Alipanga kwa kufuata siku ambayo kila sahani iliingia nyumbani mwake, ya kwanza ikiwa juu kushoto mwa mlango, ya mwisho chini kando ya kitanda. Mtu akimtajia sahani yoyote, angemwambia mwaka ilipoingia, mvua ilinyesha au haikunyesha, na nani alikuwa akimsubiri mezani.

"Mutu mwenye anapanga kwa alfabeti, Mama Inspekta, hapendi muziki," alisema. "Anaitafutaka tu."

"Na lile lililoibiwa?"

Hapo mzee alisimama wima. Lililoibiwa, alisema, lilikuwa sanduku la kukimbia. Kila mwanachama alikuwa nalo moja, la mbao, lililopakwa rangi ya kijani na seremala mmoja wa Murara kwa kipimo kimoja, ili yote yapangike vizuri kwenye lori. Ndani yake mtu huweka zile sahani ambazo asingekubali kuziacha kwa moto. Sharti la kwanza la chama lilikuwa kwamba sanduku hilo likae kando ya mlango usiku na mchana. Sharti la pili lilikuwa kwamba hakuna mtu, hata rafiki, anayefungua la mwenzake.

"Lako lilikaa wapi?"

"Hapa." Alionyesha mahali karibu na mlango.

Mahali pale palikuwa na rafu ya viatu. Fabiola aliomba ruhusa, akaisogeza. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, iliyopauka kwa kukanyagwa. Chini ya rafu ya viatu peke yake rangi ilikuwa bado imekolea, na miguu minne ya rafu ilikuwa imeacha vishimo vyake. Viatu vilikuwa vimekaa pale kwa miaka. Aliirudisha rafu mahali pake.

Alizunguka sebule taratibu, mikono nyuma. Kwenye ukuta wa mwisho, mbali kabisa na mlango, chini ya sahani za kwaya, palikuwa na pengo. Vumbi jeusi la Goma, lile ambalo hurudi kabla ufagio haujatundikwa, lilikuwa limetanda kotekote isipokuwa hapo, ambapo lilizunguka umbo la mstatili lililo safi. Fabiola alilipima pengo kwa mwavuli wake. Kisha akaomba aonyeshwe sanduku lolote la seremala wa Murara. Mzee alisema halipo jingine, ila vipimo alivijua kwa moyo, akavitaja. Vililingana na pengo.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Makapi. Diski zenye kukwaruzika. Nilizigawa."

"Ulimgawia nani?"

Mzee alivua miwani akaifuta. "Sikumbuki."

Fabiola aliacha jibu hilo likae kidogo katika chumba ambamo mtu alikumbuka mvua za miaka arobaini. Sanduku la kukimbia lilikuwa limefichwa mahali ambapo lisingeweza kukimbia. Aliyelichukua alilazimika kupita spika, kuinama chini ya kwaya na kuburura mzigo hadi mlangoni. Huyo alijua alichokifuata. Mlinzi asingejua, na kama angejua asingejali.

"Nani ana ufunguo wako wa mlima?"

Mzee alirudisha miwani usoni.

"Aubin. Ana duka la vyuma vya pikipiki kule Mapendo. Na ananichukia, hilo uandike."

"Kwa nini hukumwambia Komanda?"

"Hakuniuliza."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe, Muzee, unamshuku Landry?"

"Mimi simushuku mutu," alisema Baharanyi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchoshwa. "Mimi niliomba PV tu, karatasi ya polisi ya kuonyesha niliibiwa. Mambo ya kufunga watu, ni polisi yenyewe."

Fabiola alifungua mwavuli wake mlangoni, ingawa mvua ilikuwa haijaanza. Watu walioibiwa huomba kurudishiwa mali yao. Huyu aliomba karatasi.

Papa Aubin alikuwa mnene, mcheshi, mwenye vidole vya grisi ambavyo, alisema, haviruhusiwi kugusa sahani kabla ya kuoshwa mara mbili. Aliketi kati ya minyororo na matairi, akamkaribisha inspekta kwenye betri ya lori iliyofunikwa kwa mto. Alipoambiwa kwamba jina lake limetajwa, hakukasirika. Aliuliza tu kama mzee alimtaja kwa heshima.

Yeye, alieleza, alipanga sahani zake kwa majina ya wapiga gitaa, kwa sababu mwimbaji ni mtu anayesimama mbele ya gitaa ili aonekane. Zilikuwa chache kuliko za prezida, lakini kila moja ilikuwa ikichezwa. Prezida, alisema, alikusanya hata zilizovunjika.

"Baharanyi anahesabu diski kama vile watu ya Masisi wanahesabu ngombe," alisema. "Hata yenye haitoe maziwa, iko ngombe. Sasa mimi nauliza: ngombe yenye kufa, nayo unaihesabu?"

"Anazihesabu zilizokufa?"

Aubin alicheka hadi betri ikatikisika chini ya mgeni wake. Ndiyo, alisema, na kwa mujibu wa katiba ya chama. Hapo ndipo Fabiola alipoelezwa yale ambayo hakuna aliyemweleza Katindo. Uprezida wa chama haukupigiwa kura. Ulikwenda kwa yule mwenye makusanyo makubwa zaidi siku ya kuhesabu. Baharanyi alikuwa ameushika kwa miaka kumi na mitano. Lakini mwaka huu Aubin alikuwa amenunua sahani zote za padri mmoja aliyefariki, na pengo kati yao lilikuwa limepungua hadi kiasi cha sanduku moja. Katiba ilisema kwamba sahani zilizoibwa huhesabiwa kana kwamba bado zipo, kwa mwaka mzima, ilimradi mwenyewe aonyeshe PV ya polisi.

"Na PV," alisema Fabiola, "haiandikwi bila mshukiwa."

"Ile mimi sijui. Ni kazi yenu."

Alimwuliza kuhusu ufunguo. Aubin alikiri kwamba aliushika, lakini ilikuwa mwaka uliopita. Kura ya mwaka huu ilimpa Mama Clotilde wa Murara, mbele ya watu wote, naye Baharanyi mwenyewe ndiye aliyeusoma mkunjo wa karatasi. Hakuna namna ambayo angeweza kusahau.

"Mama Clotilde ni nani?"

Uso wa Aubin ulibadilika. Alichukua kitambaa akafuta vidole vyake kimoja kimoja wakati akisimulia. Mlima ulipopasuka mara ya mwisho na serikali kuamuru mji uhame, chama kilikodi lori moja, likabeba masanduku yote hadi Sake. Majina yalikuwa yameandikwa juu yake kwa chaki, kwa sababu aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa mwalimu. Kule Sake mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi yalibaki masanduku ya kijani yanayofanana kama mayai, bila jina hata moja, na lilikuwa limepotea moja, labda liliibwa, labda lilianguka njiani.

"Si mngeyafungua?"

"Sharti, Mama Inspekta. Hakuna mwenye anafungua ya mwenzake. Na kama hujui ni ya nani, basi yote ni ya mwenzako." Alisema hivyo kwa uzito wote, na Fabiola aliandika kwa uzito uleule. "Prezida akachukua wa kwanza. Sisi tukafuata. Tulipofika nyumbani, kila mutu akafungua yenye alichukua, wenye walikosea wakabadilishana. Mwisho akabaki Clotilde, mikono mitupu. Tukasema pole, ile yenye kupotea ilikuwa yake. Alikuwa mujane wa mwaka moja."

"Prezida alibadilishana na nani?"

"Na hakuna mutu. Alisema amepata yake."

Mama Clotilde alifungua mlango kabla Fabiola hajabisha mara ya pili. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa familia ya Kikatoliki ya upande wa Bukavu, aliyewahi kuwa karani katika ofisi ya parokia. Sebule yake ilikuwa na picha ya Bikira Maria, mashine ndogo ya sahani na rafu moja tu, isiyojaa. Kando ya mlango, mahali pake hasa kwa mujibu wa sharti la kwanza, lilikaa sanduku la mbao la rangi ya kijani.

Inspekta na mwenye nyumba walilitazama wote wawili.

"Nilikuwa nakungoja wewe ao yeye," alisema Clotilde. "Yeye hawezi kuja. Ukaribie, nikuwekee chai."

Alisimulia akiwa amesimama, huku maji yakichemka, bila haraka na bila kujitetea. Sahani zake hazikuwa nyingi na alizipanga kwa mpango ambao chama kilikuwa kikiucheka: kwa kufuata mtu aliyesikiliza naye. Zile alizosikiliza na dada zake zilikaa juu, za wenzake wa kwaya zikafuata. Zile za marehemu mumewe zilikuwa zote ndani ya sanduku la kukimbia. Sanduku lilipopotea Sake, rafu ile ilibaki na nafasi, naye hakuijaza.

Kisha, mwezi uliopita, katika kikao cha kawaida nyumbani kwa prezida, mzee aliwachezea wageni rumba moja ya zamani. Aliitoa katika jalada la sahani nyingine, akasema ni mchezo, wageni wakisie jina lake. Clotilde hakukisia. Kabla gitaa la pili halijaingia, sindano iliruka, ikarudi, ikaruka tena, ndipo ikaendelea. Aliujua mruko ule. Ulitokea siku ya ubatizo wa mtoto wao wa mwisho, mumewe alipocheza akagonga meza kwa kiuno, na tangu siku hiyo wote wawili, kila walipofika hapo, walikuwa wakiruka pamoja na sindano.

"Diski nyingi zina mikwaruzo," alisema Fabiola.

"Ndiyo. Njo maana sikusema kitu. Yeye ni prezida, angesema vilevile na watu wangeitika. Nikangoja misa ya pili, yenye anaimbaka kwaya. Nilikuwa na ufunguo. Nikatafuta mpaka nikaipata, chini, mahali mutu anafichaka kitu. Nikaibeba kwa kichwa hadi barabarani, mutu wa pikipiki akanisaidia." Aliweka kikombe mbele ya mgeni. "Kama ni wizi, andika wizi. Lakini uandike na sanduku ni ya nani."

"Unajua kwamba kuna mtu amefungwa kwa ajili ya sanduku hili?"

Clotilde hakujua. Aliketi, kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie. Baharanyi hakuwa amemwambia mtu yeyote chamani. Alisema tu kwamba polisi wanaendelea vizuri. Fabiola alimtajia jina la mlinzi, la mkewe, na siku ya Jumatatu. Clotilde aliinuka akachukua kitambaa chake cha kichwani.

"Twende niweke saini," alisema. "Chai utakunywa siku ingine."

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa juu ya meza ya Komanda Ézéchiel, na juu ya sanduku palikuwa na kofia yake. Mzee Baharanyi aliketi kulia na tai yake, Mama Clotilde kushoto. Fabiola alieleza mambo kwa mpangilio wake: rangi ya sakafu chini ya viatu, mstatili katika vumbi, uongo kuhusu mwenye ufunguo, sharti la PV. Alipofika kwenye chaki ya Sake, Baharanyi alisema kwamba yeye alichukua sanduku kwa nia njema na kwamba mtu akiishi na kitu miaka mingi hukizoea. Clotilde alisema kwamba hata yeye alikuwa amekizoea, ndiyo maana alijua pa kuruka.

Alitoa pendekezo moja. Sahani ile ipigwe mbele ya watu wote, naye ataeleza mapema, kwa maneno, mahali ambapo sindano itaruka, na itaruka mara ngapi.

Komanda alilifikiria pendekezo hilo kwa haki. Kituo, alisema, hakikuwa na mashine ya sahani. Kilikuwa na redio, nayo ilikuwa ya mtu binafsi. Mashine ya mlalamikaji isingefaa, kwa kuwa ni ya mlalamikaji. Ya Mama Clotilde isingefaa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kudai. Ya Aubin isingefaa kabisa, kwa kuwa Aubin angenufaika.

"Tuache mashine," alisema Fabiola. "Mama huyu ameweka saini kwamba aliyelichukua ni yeye. Landry hahusiki. Aachiwe leo."

"Taratibu, Inspekta." Komanda aliinua kidole kimoja. "Kama sanduku ni la mama huyu, hakuna wizi. Kama hakuna wizi, nilimfunga mtu siku tano kwa sababu gani? Kama ni la mzee, wizi upo, lakini basi aliyeungama anaweza kuwa anamficha mwenzake aliyemfungulia geti. Kwa hiyo mpaka tujue sanduku ni la nani, hatujui kama wizi ulikuwapo. Na mpaka tujue kama wizi ulikuwapo, hatuwezi kujua kwamba Landry hakuufanya."

"Nilifungua geti mwenyewe," alisema Clotilde. "Ufunguo ni huu hapa."

"Huo nao utaingia katika vielelezo," alisema Komanda, akanyoosha mkono.

Fabiola aliomba pingamizi lake liandikwe. Liliandikwa. Komanda alijifungia na mashine ya kuandikia hadi adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka mbali, kisha akatoka na karatasi moja yenye mihuri miwili, akamkabidhi inspekta ili aisome hadharani, kama taratibu zinavyotaka.

Ujiani Jolie alikuwa amekwisha fika. Alikuwa ameambiwa na mtu, njiani, kwamba aliyechukua amepatikana na ameungama. Alikuja na suruali safi ya mumewe, imekunjwa, juu ya sufuria. Alimtazama Fabiola, akatazama karatasi.

"Mama Inspekta, kesho nilete chakula, ao nitakuwa naye nyumbani?"

Fabiola aliisoma karatasi kwa sauti, hadi mwisho, kama alivyosoma kila kitu.

"Uamuzi. Kwanza: sanduku litiwe lakiri na kuhifadhiwa kituoni, katika chumba kisichovuja. Pili: chama husika kiombwe kuteua wataalamu watatu wasio na masilahi, watakaosikiliza sahani hizo kwa mashine isiyo ya mlalamikaji, wala ya shahidi, wala ya mwanachama yeyote, uteuzi huo usainiwe na prezida wa chama. Tatu: mshukiwa hatapelekwa gereza kuu siku ya Jumatatu, atabaki hapa kituoni hadi ripoti ya wataalamu itakapopatikana. Nne: mlalamikaji apewe nakala ya PV kabla ya Jumapili saa nane na nusu. Tano: chakula cha mshukiwa kitaendelea kuletwa na familia yake."